Bwawa Lisilo na Mwenyewe

Kama umewahi kuisikiliza Redio Wuoth asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, basi jina la Sindano ya Moto si geni kwako. Ndilo jina la salamu la Filister Awuor, fundi cherehani wa soko la Uriri, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kumshinda, ambaye kwa miaka mingi hakuiacha siku ipite bila kumsalimia mtu hewani. Alisalimia wakwe, alisalimia madereva, alisalimia wauguzi wa zamu. Siku moja alimsalimia mwanamume aliyemwibia mkasi, akamtaja pamoja na kijiji chake na jina la mama yake, na mkasi ukarudi kabla ya chakula cha mchana.

Wapo wanaocheka salamu za redio. Waache wacheke, hao ndio wanaomaliza mwaka bila kujua jina la jirani. Kuanzia Oyugis hadi karibu na mpaka wa Tanzania, mpenzi wa salamu ana ndugu kila kituo. Anajua nani amejifungua Rongo, nani amehamia Kehancha, na nani hasemi na nani huko Ndhiwa. Filister alikuwa malkia wao. Alishona sare za shule huku redio ikiwa juu ya kabati la vitambaa, na sindano ikikatika hakununa, lakini betri zikiisha ilikuwa afadhali umkwepe.

Redio Wuoth yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbolea mjini Oyugis, na mlingoti uliofungwa kwa waya kwenye paa. Aliyeiendesha aliitwa Marion, binti mrefu aliyeacha kazi ya mshahara Kisumu akaja kuhangaika nyumbani kwa hiari yake, jambo ambalo mama yake hajalielewa hadi leo. Umeme ulikatwa na kurudishwa. Kodi ilichelewa. Na mwanasiasa mmoja wa upande ule, ambaye kila mtu alimwita tu Mheshimiwa, alikuwa tayari kuinunua redio nzima pamoja na viti vyake. Sharti lake, alisema, lilikuwa dogo sana: habari ya kwanza ya kila asubuhi iwe yake. Marion alimzungusha kwa maneno matamu, na huku nyuma akaomba ruzuku kila mahali alikosikia kuna watu wanaosaidia redio ndogo zisizo na bwana.

Ruzuku ikatoka. Si ile kubwa. Ya majaribio tu, ya miezi michache. Mfuko ulioitoa ulisema utamtuma mtu wake aje asikilize kipindi kimoja kikubwa, matangazo ya moja kwa moja kutoka kwa wananchi wenyewe. Kikimridhisha, ingekuja ruzuku ya miaka mitatu. Kisipomridhisha, basi. Na kila mtu pale juu ya duka la mbolea alijua maana ya basi: Mheshimiwa angepanda zile ngazi na kitabu chake cha hundi.

Marion hakuwa na waandishi. Alikuwa na wapenzi wa salamu. Akawaza, akaona hakuna haja ya kutafuta mbali, akampigia simu Filister dukani kumwambia amechaguliwa kuwa mwandishi wa redio upande wa Migori, na kwamba atapewa kinasa sauti, nauli, na mafunzo ya siku chache Homa Bay.

Filister alizima cherehani. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akamuuliza mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake kama amesikia alichosikia, ilhali mteja hakuwa na simu ile sikioni. Gauni lilitoka siku hiyo likiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mwenyewe akalichukua hivyo hivyo kwa sababu hakutaka kumharibia mama wa watu furaha.

Homa Bay walifundishwa katika ukumbi wa hoteli inayotazama ziwa. Walifundishwa kuuliza nani, nini, wapi na kwa nini, na kusikiliza pande zote mbili. Yote hayo Filister aliyameza bila shida. Kilichomkwama kooni ni sharti la kwanza la mfuko, ambalo Marion alilisoma akiwa amesimama: mwandishi hapokei kitu kutoka kwa mtu aliye ndani ya habari.

"Kitu kama nini?" Filister akauliza.

"Kitu chochote, mama. Pesa, kuku, mafuta ya gari."

"Na soda?"

"Hata soda."

Ukumbi mzima ukaguna. Ukienda kwa mtu nchi ile ukakataa soda yake, umemtukana yeye, mke wake na ukoo wao wote. Filister alikubali, lakini alikubali kama mtu anayekubali kunyolewa nywele. Na ripoti zake za kwanza zilimpa Marion kazi ngumu. Habari ya choo cha soko la Uriri ilikuwa nzuri, yenye ushahidi na sauti za watu, ila ilianza kwa kumsalimia fundi wa choo, ikaendelea na salamu kwa mwenyekiti wa soko, na ikafunga kwa salamu kwa wote waliowahi kukitumia.

"Habari haina salamu, Min Jeff," Marion akamwambia. Jeff ni kifungua mimba wa Filister, na hivyo ndivyo alivyoitwa na watu waliomheshimu.

"Sasa watu watajuaje nawapenda?"

"Watajua tu. Kata."

Akakata, huku akinung'unika.

Ndipo ikaja ile salamu ya Nyangi. Nyangi ni Mkuria anayeishi Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, na kazi yake ni kuosha mchanga wa mawe yaliyosagwa, kwenye karai, apate chembe zilizobaki. Yeye na Filister walikuwa marafiki wa salamu miaka mingi bila kuonana uso kwa uso. Asubuhi hiyo alituma ujumbe, mtangazaji akausoma kama alivyosoma mingine yote: Nyangi wa Osiri anamsalimia Sindano ya Moto wa Uriri, anawasalimia mama wote wa karai, na anawakumbuka marehemu ng'ombe wake wawili waliokunywa maji ya mto wakalala hapo hapo.

Studio nzima ikacheka. Mtangazaji alicheka hewani, akaweka wimbo. Kule Uriri, Filister hakucheka. Alifunga duka, akaweka kinasa sauti kwenye mkoba, akapanda gari la kwenda Osiri.

Aliyoyakuta yalikuwa wazi kabisa. Nyuma ya mashine za kusaga mawe palikuwa na ua wa mabati, na ndani ya ua bwawa la maji ya dawa, ile dawa kali ya kuchuja dhahabu iliyobaki kwenye mchanga. Bwawa lilikuwa limechimbwa mlimani juu ya kijito, ukuta wake ulikuwa wa udongo mtupu, na maji yalikuwa yakitoka chini ya mabati kidogo kidogo hadi kijitoni. Maji ya kijito hicho ndiyo watu waliyokunywa. Mkono wa Nyangi ulikuwa na vidonda ambavyo havikutaka kupona.

Mwenye bwawa hakuwepo. Yaani, alikuwepo, kila mtu alimjua, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumtaja kwenye kinasa sauti. Akimuuliza mmoja, anatazama mabati. Akimuuliza mwingine, anakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Filister akaenda kwa yule waliyemnong'ona kinasa kikizimwa, Jeremiah, mwenye mashine za kusaga, mwanamume wa kofia ya ngozi na kicheko kizito. Jeremiah alimkaribisha vizuri, akaagiza soda. Filister akasema hana kiu, na koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la njiani.

"Mimi nilikodisha tu shamba, nyamin," Jeremiah akasema. Alimwita dada, kwa upole. "Hiyo bwawa ni ya kampuni ya watu wa mbali. Hata majina yao sijui."

"Wanakujaga lini?"

"Wanakuja wakikuja."

Maofisa waliowahi kuja kuuliza waliambiwa hivyo hivyo, wakaandika kwamba mwenyewe hajulikani, wakarudi walikotoka. Filister alirudi tena na tena. Kila mara akapewa kampuni ile ile isiyo na jina. Alikasirika mpaka akawa anashona kwa nguvu, uzi ukikatika ovyo. Hakuweza kusema hewani kwamba bwawa ni la Jeremiah, maana Marion alimkataza kusema asichoweza kukithibitisha, na alimkataza kwa haki.

"Basi kipindi kikubwa tukifanyie Osiri," Filister akasema. "Watu wengi wakiwa pamoja, labda mmoja atasema."

"Na wasiposema? Huyo mtu wa mfuko amekuja, amekaa, anasikiliza watu wamenyamaza?"

"Watasema."

Marion akafungua ratiba yake. Kisha akaandika Osiri. Baadaye alisema alifanya hivyo kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akitaka kitu kwa nguvu namna ile.

Siku ilipofika, uwanja wa soko la Osiri ulijaa hadi watu wakapanda juu ya marundo ya mawe. Fundi wa mitambo, Levi, alifunga spika mbili na jenereta. Wapiga ngoma za ohangla walikuwepo, wamelipwa na redio yenyewe, kwa sababu nchi ile huwezi kuita watu uwanjani bila ngoma wakaja. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, maana pale machimboni kuna Wajaluo, Wakuria na Wakisii, na Kiswahili ndicho wanachouziana nacho. Mtu wa mfuko alikuwa Nyamweya, mwanamume mpole wa miwani kutoka Nairobi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, kalamu mkononi, chupa ya maji aliyokuja nayo mwenyewe miguuni.

Filister alikuwa amevaa gauni jipya alilojishonea. Moyo ulimdunda mpaka akahisi kipaza sauti kitaupata. Lakini alipofungua mdomo akawa yule yule wa kila siku, na watu wakampigia makofi kwa sababu waliijua sauti hiyo kabla ya kuiona. Alieleza habari ya kijito. Alieleza ng'ombe. Akauliza nani anaweza kumwambia bwawa lile ni la nani.

Kimya. Jenereta tu ndiyo iliyosema.

Akauliza tena. Mama mmoja akainamisha kichwa. Levi, kwa kuona kimya kinazidi hewani, akawapungia wapiga ngoma, wakaanza kupiga. Marion alikuwa ameshika shavu. Nyamweya aliandika kitu, na Filister alijiambia kwamba hapo ndipo redio ilipouzwa.

"Simamisha ngoma," sauti ikasema kutoka nyuma.

Ngoma zikanyamaza papo hapo. Watu wakapisha njia, na Jeremiah akaja katikati na kofia yake ya ngozi, mkono juu, noti mpya ya elfu moja kati ya vidole.

Kwa asiyejua, nieleze. Hicho alichokifanya Jeremiah kinaitwa pakruok, majigambo ya kulipia. Kwenye ngoma yoyote ya Wajaluo, mtu akitoa pesa ana haki ya kusimamisha muziki na kujisifu mbele ya umma hadi aridhike, na hakuna wa kumkatiza. Anayeongoza shughuli kazi yake ni kupokea noti na kumchochea aendelee. Wanaume wenye mali hawawezi kuona ngoma na umati na kipaza sauti wakapita kimya. Jeremiah alikuwa amekaa nje ya uwanja muda wote huo akiisikia ohangla inapigwa bila jina lake, na inawezekana roho ilimuuma kweli kweli.

Na Filister? Mkono wake ulipokea. Sijui niseme nini zaidi. Maisha yake yote alikuwa ameongoza ngoma za harusi na matanga, na mkono haukumwuliza. Noti ilipokelewa hewani, mbele ya mtu wa mfuko, kutoka kwa mtu aliye ndani ya habari, na mdomo ukafuata mkono.

"Nani huyo anasimamisha ngoma yangu?"

"Ni mimi Jeremiah, wuod nyar Kadem, mtoto wa binti wa Kadem. Dume la Osiri."

"Na nini tena?"

"Mimi ndiye nilileta mashine ya kwanza hapa, wakati nyinyi mnaponda mawe na nyundo kama watu wa zamani."

Watu wakacheka. Hapo ndipo jicho la Filister likampata Marion, ambaye mikono yote miwili ilikuwa mdomoni, kisha likampata Nyamweya, ambaye alikuwa amevua miwani. Ndipo akakumbuka. Noti ilimchoma kiganjani. Alihisi jasho likimshuka mgongoni ndani ya gauni jipya, na alitamani ardhi ya Osiri, ambayo ina mashimo ya kutosha, ifungue moja zaidi pale aliposimama. Sharti la kwanza. Hata soda. Na yeye, si soda, ni noti nzima, na redio inasikika hadi Oyugis.

Alitaka kumkatiza. Lakini Jeremiah alikuwa ameshapata moto, na watu walikuwa wanapiga vigelegele.

"Mimi ndiye mabati yangu inaonekana na watu wa ndege. Mimi trekta yangu haikodishwi, inachimba ya mwenyewe. Nyinyi mnachimba mashimo ya panya. Mimi nilichimba shimo ya kweli."

Filister aliisikia hiyo sentensi ya mwisho ikimpita, kisha ikarudi. Hofu ikamwacha ghafla. Masikio yalimsimama. Alikuwa na mtu aliyelipa ili asikatizwe, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumchochea, na hakuna mtu katika kaunti mbili aliyeijua kazi hiyo kumshinda.

"Na nini tena, jaduong'?" akasema, akimwita mzee, kwa sauti ya chini, ya heshima.

"Shimo kubwa."

"Kubwa kama nini?"

"Inashinda dam ya serikali. Trekta ililala hapo wiki nzima."

"Sisi wageni hatujaiona. Iko wapi?"

"Si hiyo hapo nyuma ya mabati!" Jeremiah akaielekeza kwa kofia. "Nani mwingine hapa anaweza kuwa na bwawa kama hiyo? Hakuna kampuni. Hakuna mzungu. Ni Jeremiah peke yake na akili yake."

Aliinua mikono angojee vigelegele. Havikuja. Mpiga ngoma mkuu, ambaye alipaswa kuanza tena, alibaki na vijiti hewani, mdomo wazi. Jeremiah alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaanza kuondoka upande mmoja wa uso, taratibu, alipoyasikia maneno yake yakimfikia kutoka kwenye spika ya upande wa pili wa uwanja.

Filister alimrudishia noti. Aliikunjua kwanza, ili kila mtu aione.

"Jaduong', hii ni pesa yako. Sikupaswa kuichukua, na naomba radhi kwa wasikilizaji wote. Sasa nakuuliza bila pesa. Umesema bwawa ni lako. Maji yake yanaingia kijitoni. Utafanya nini?"

"Hiyo ilikuwa pakruok tu," Jeremiah akasema. "Mtu anajisifu tu."

Hapo uwanja ukafunguka mdomo. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na Levi akawahi kumsogezea kipaza sauti: "Jeremiah, mtu anaweza kuongeza chumvi. Lakini hajigambi na ng'ombe ya jirani. Kama umesema ni yako, ni yako."

"Simamisha ngoma," sauti nyingine ikasema, ingawa ngoma ilikuwa imesimama zamani. Alikuwa Nyangi. Alikuja katikati na mkono wake uliofungwa kitambaa. "Sina pesa ya kulipa."

"Leo ni bure," Filister akasema, akimsogezea kipaza sauti, na hapo marafiki hao wa salamu wakasimama pamoja mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani unasimamisha ngoma yangu?"

"Mimi ni Nyangi wa Osiri. Mimi ndiye nilikuwa na ng'ombe wawili, Shilingi na Senti, maziwa yao ililisha hii njia yote. Mimi ndiye niliosha mchanga na hii maji mpaka mkono ikakataa. Mimi ndiye nilituma salamu, wakacheka."

Baada yake ikawa foleni. Sijui kama redio yoyote duniani imewahi kupokea ushahidi namna ile, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu anasimamisha ngoma, anaulizwa yeye ni nani, anajisifu kwa kilichompata. Mmoja alijigamba kwamba mwanawe anakohoa kuliko jenereta. Mwingine alijigamba kwamba anatembea mlima mzima kutafuta maji safi huku anaishi mita chache kutoka mtoni. Watu walicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Na Jeremiah, ambaye hangeweza kuondoka bila kupita katikati yao wote, hatimaye akachukua kipaza sauti akasema kwa maneno machache kwamba atalihamisha bwawa kabla ya mvua kubwa.

Wakati Levi anakunja nyaya, Nyamweya alimwendea Filister. "Mama, nilifurahi mpaka nikaacha kuandika," akasema. "Lakini ulipokea pesa. Sharti hilo ni la kwanza, na lazima nilitaje kwenye ripoti. Siwezi kuficha."

"Andika, mwanangu," Filister akasema. "Na mimi nitasema."

Njiani kurudi Marion alimwambia labda isiwe lazima kusema tena. Alishaomba radhi pale pale, na wasikilizaji wa Oyugis hawakuona noti. Filister alitikisa kichwa. Kisha akasema wasikilizaji wa Oyugis ni watu wake wa salamu, na hajawahi kuwaacha nje ya jambo. Asubuhi iliyofuata, mahali pa salamu zake, aliwaeleza kila kitu: kwamba redio imekatazwa kupokea chochote, kwamba yeye alipokea noti kwa mkono wake mwenyewe, kwamba aliirudisha, na kwamba asiyemwamini tena ana haki. Hakumsalimia mtu yeyote siku hiyo.

Kisha wakangoja. Kungoja kulikuwa kubaya. Mheshimiwa alituma kijana kupima vyumba, eti anataka kujua kama meza yake itaingia. Marion alianza kuweka vitabu kwenye katoni, halafu anavitoa. Filister alishona, akafumua, akashona tena, na simu ikilia alikuwa anaruka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Ililia akiwa anampima mwalimu mmoja kiuno. Marion alikuwa analia, na kwa muda Filister alidhani yamekwisha, akakaa juu ya rundo la vitambaa na utepe wa kupimia ukiwa bado umemzunguka mwalimu.

"Wamesema ndiyo," Marion akasema. "Miaka mitatu. Walibishana, Min Jeff. Wengine walitaka kukataa kwa sababu ya ile noti. Nyamweya akawawekea kipindi chako cha asubuhi, ile ya kujieleza, wakasikiliza mpaka mwisho. Tena wanataka uwe na pikipiki."

Filister alipiga kelele ambayo soko la Uriri linaizungumzia hadi sasa. Alimkumbatia mwalimu pamoja na utepe wake. Alitoka nje, akaingia ndani, akatoka tena, akamwambia muuza nyanya, akamwambia fundi viatu, akamwambia mpita njia ambaye alikuwa akienda zake Tanzania. Jioni akapika kuku, na kuku huyo alimnunua mwenyewe.

Mvua kubwa ilipokaribia, Jeremiah alipanda ngazi za duka la mbolea. Alivua kofia. Alisema amehamisha bwawa kama alivyoahidi, na anataka litangazwe hewani kwamba Jeremiah ni mtu wa neno lake. Alikuwa tayari kulipia.

"Hatulipwi," akasema Filister, aliyekuwa amekuja Oyugis kuleta ripoti. "Na sitangazi kitu ambacho sijaona. Twende."

Walikwenda na pikipiki mpya ya redio, Jeremiah akifuata nyuma na gari lake. Ua wa mabati ulikuwa umefunguliwa. Sehemu ya juu ya bwawa ilikuwa imefukiwa kweli, udongo mwekundu bado mbichi, alama za matairi ya trekta zimejaa. Filister alifurahi, akaanza kumpongeza. Kisha akaenda mbele hatua kadhaa, akazunguka rundo la udongo, na nyuma yake akakuta dimbwi limebaki, la rangi ya kijani isiyopendeza, na ukuta ule ule wa udongo ukivuja kuelekea kijitoni.

Aliwasha kinasa sauti. Hakukasirika, na hakumpandishia sauti. Nyangi na mama wengine wa karai walikuwa wamesogea.

"Jeremiah wuod nyar Kadem," Filister akasema, "hii maji iliyobaki ni ya nani?"

Jeremiah alitazama mashine zake, akatazama mama wale, akatazama kile kitu kidogo chenye taa nyekundu mkononi mwa fundi cherehani. Hapakuwa na ngoma, wala umati wa kumshangilia. Alivaa kofia, akaivua tena.

"Ni yangu," akasema.